Tembo Asiye na Miguu

Juni 5
Leo nimepeleka watu hifadhini kutwa nzima bila kuinuka kwenye kiti. Maharusi wanaotaka kumwona chui lakini hawataki vumbi. Mama mmoja na wajukuu zake, anauliza kama simba wanaruhusiwa kusogelea gari. Nikamjibu kwa adabu kwamba simba huwa hawaombi ruhusa. Ndiyo kazi yangu: napanga nani alale kambi ipi, aingie kwa lango lipi, asubuhi aende mtoni au bondeni. Mwenyewe nimefika huko mara moja tu, ofisi ilipotupeleka kujifunza. Nikamwona ngiri, tena kwa nyuma, anakimbia.

Jioni nimemkuta Baba kaketi getini kwenye kigoda chake. "Leo umewapeleka wangapi?" Ndiyo salamu yake siku hizi.

Juni 9
Baba ameanza kuchora geti letu. Alikuwa mchoraji wa magari kabla ya kustaafu. Tembo wote walioko kwenye milango ya magari ya ofisi yetu ni wa mkono wake, na mimi kazi niliipata kwa kivuli cha tembo hao, sina haja ya kujidanganya. Wote wamesimama kwenye nyasi ndefu hadi tumboni. Wageni wanadhani ni mtindo. Mtindo wa wapi. Baba hajawahi kumwona tembo maishani mwake. Alinakili picha ya kalenda iliyokuwa ukutani gereji, na kwenye picha ile nyasi zilikuwa zimemeza miguu. Watu walimwambia abuni. Akakataa, eti mnyama hapewi miguu ya kukisia.

Leo ametoa kichwa, masikio, mkonga na mgongo. Kafika tumboni, kaacha. Chini geti ni bati tupu la kijivu.

"Miguu ataletewa," akasema, "nikishamwona."

Juni 14
Hospitali. Nilidhani ni mtoto wa jicho, wamtoe, turudi nyumbani. Daktari wa macho akasema ni presha ya macho, na imekula muda mrefu kimyakimya. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na tundu lenyewe linazibika. Matone yatachelewesha tu. Nikauliza mpaka lini.

"Kama kuna kitu anatamani kukiona, akione kiangazi hiki," daktari akasema.

Baba alikuwa amesikia. Kilichoharibika ni macho, si masikio. Tulipotoka akanishika mkono.

"Kaka yako na mdogo wako wasijue."

"Kwa nini, Baba?"

"Nataka kuwaita twende hifadhini. Waje kwa kunipenda, si kwa kunihurumia. Wakijua, watakuja na sura za msibani."

Nikamwambia basi twende mimi na yeye, wiki ijayo, hata kesho. Hakutaka kusikia. Mama alipofariki kila mmoja wetu alifika kwa saa yake, na Kaka alifika kaburi limeshafunikwa. Tangu siku ile Baba ana wazo moja tu: tukae sote kwenye gari moja, mara moja, yeye akiwa hai. "Siendi kwa mafungu," akasema. Kisha akaniapisha. Nikaapa, mjinga mimi.

Juni 18, Jumapili
Wote wamekuja. Kaka na mkewe, na Kitinda, mdogo wetu, na wanawe wanaoruka juu ya viti kama hawana wazazi. Baba akatangaza safari. Wakapiga makofi. Kitinda akasema, "Baba yuko fiti kuliko sisi sote," kwa sababu alimwona anatembea sebuleni bila kugusa kitu. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, angeshindwaje kutembea ndani yake.

Sasa tarehe. Kwetu tarehe husemwa na kifungua mimba. Iwe harusi, iwe kuhama, mkubwa akishasema, wengine tunajipanga nyuma yake. Baba mwenyewe kalelewa hivyo, na sisi katulea hivyo. Kaka akatazama simu yake kwa muda mrefu, kama waziri.

"Katikati ya Julai. Katibu, panga."

Katibu ndiye mimi. Nilizaliwa katikati, nikaachiwa kazi zote za katikati.

Juni 27
Nimepanga. Tutaingia kwa lango la kusini. Kambi ni ile ya mtoni, na Baba nimemchukulia chumba cha mwanzo kisicho na ngazi. Dereva ni yule tunayemwita Taratibu, maana hajawahi kumwagia mgeni chai. Kiangazi tembo hawana maji kwingine, kwa hiyo asubuhi wote wako mtoni, na kingo ni kavu, hakuna jani, utawaona hadi kucha. Ila mvua ya kwanza ikigusa ule udongo mweusi, lango la kusini hufungwa na tembo hutawanyika porini.

Nimemweleza Baba safari yote, kona kwa kona. "Nimekuweka kiti cha kushoto, dirishani. Ukiingia kwa kusini, mto unakuwa kushoto kwako njia nzima."

"Kushoto," akasema.

"Kushoto, Baba. Hata ukisinzia, ukiamka wewe geukia kushoto tu."

Julai 8
Kaka kaahirisha. Mzigo wa mabati ya duka lake umekwama njiani. "Sogeza mwezi mmoja tu, Katibu. Tembo hawahami."

Tembo wanahama. Nalipwa mshahara kwa kujua hivyo.

Julai 9
Nimefuta nafasi zote. Bosi kanitazama kwa jicho la pembeni.

Julai 25
Baba sasa anatia kidole kwenye kikombe akimimina chai, ajue imefika wapi. Nikimwambia nimmiminie, ananiuliza kama mimi ndiye niliyemfundisha kunywa chai.

Agosti 3
Jua. Vumbi. Hakuna jipya.

Agosti 12
Kaahirisha tena. Safari hii eti Wifi anataka kambi yenye bwawa la kuogelea, na Kitinda naye anataka shule zifungwe kwanza. Mwisho wa Septemba, kasema mkubwa. Yaani mke wa mtu anataka kulowa maji ndipo baba wa watu aone tembo. Nilijua siku anaolewa kwamba yule mwanamke ana mambo makubwa. Kucha tu zinamchukua asubuhi nzima.

Baba kapokea habari hizo akitabasamu. "Mkubwa ana majukumu," akasema. Kisha akauliza, "Bado ni kushoto?"

Nikamwambia bado.

Agosti 24
Nina hasira, lakini nitaandika.

Mchana Taratibu alikuja mezani kwangu. Kesho anakwenda kuchukua wageni kambi ya mtoni, na gari linakwenda tupu. "Mlete mzee," akasema. "Tembo wamejaa pale kama mbuzi mnadani. Namrudisha kesho kutwa." Bosi kakubali, hata kibali cha kuingia kanipa. Nimepanga safari za watu miaka yote hii, sijawahi kuona mambo yakinyooka hivi. Nikarudi nyumbani nusu nakimbia.

"Kaka yako amesema mwisho wa Septemba," Baba akanijibu.

"Kaka amesema mara ngapi, Baba?"

"Mkubwa akisema, amesema."

"Na macho je? Nayo yamekubali kusubiri mwisho wa Septemba?"

Hapo ningekomea. Lakini ngoja ngoja hii imeniumiza tumbo miezi mitatu, nikaitapika yote. Nikamwambia huo si upendo, ni kiburi. Anawatega wanawe kwa mtihani ambao hajawaambia kama upo, halafu anakaa getini kusubiri wafaulu. Nikamwambia Kaka hatakuja, si Septemba wala lini, na yeye atabaki na bati lake. Nilisema kwa sauti ambayo Mama asingeivumilia.

Baba aliinuka. Akaenda hadi getini, akapapasa tumbo la tembo wake, akaishia pale rangi inapokatika.

"Huyu ananisubiri mimi," akasema. "Mimi nawasubiri wanangu. Wewe unamsubiri nani, mama?"

Nimelia jikoni, kwa hasira si kwa huzuni, maji ya chai yakachemka hadi sufuria ikakauka. Nimemkasirikia Kaka, nimemkasirikia Wifi, na leo kwa mara ya kwanza nimemkasirikia Baba. Angeweza kusema neno moja tu na wote wangekuwa hapa kesho. Hataki. Na mimi kaniziba mdomo.

Agosti 25
Asubuhi gari la Taratibu limepita mbele ya nyumba polepole, likapiga honi mara moja. Baba kalipungia. Alikuwa anapungia ukuta wa jirani.

Agosti 27
Taratibu karudi, anataka kunisimulia aliyoyaona mtoni. Nikamwomba anisamehe, akamsimulie mwingine.

Septemba 11
Baba kaniita kwa jina la Kitinda. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Septemba 21
Kaka kaahirisha mara ya tatu. Kikao cha wakwe. Leo sikuzungumza naye, nilimpigia Wifi moja kwa moja, nimejiandaa kumpa vidonge vyake. Nikaanza na lile bwawa.

"Bwawa gani?" akauliza.

"Si ulitaka kambi yenye bwawa."

"Wifi yangu, mimi kuogelea sijui. Naogopa hata beseni." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kaka yako alisema ni mimi?"

Nikajidai sijasikia.

"Sikiliza. Hakuna kikao cha wakwe. Kaka yako anaogopa. Tangu yale mazishi ya mama yenu anaamini ipo siku Baba atamuuliza alikuwa wapi. Sebuleni anaweza kuinuka akaaga. Garini ataaga aende wapi? Kila mwezi namsukuma, kila mwezi anapata sababu." Halafu, kwa sauti ya chini: "Na Baba haoni vizuri, siyo? Jumapili ile nilimpa mkono, akaupokea hewani."

Nilikuwa nimeapa. Nikasema Baba yuko salama.

"Sawa," akasema, kama mtu aliyeambiwa ukweli. "Basi niachie mimi. Nitamsukuma hadi aende."

Miaka yote nimemwita mwenye makucha, tena kwa watu. Leo nimekaa na simu mkononi nikijiona hovyo.

Oktoba 6
Kaka kapiga mwenyewe. Oktoba tarehe ishirini na nane. "Hakuna kuahirisha tena, Katibu."

Oktoba 9
Kliniki. Daktari akamuuliza Baba ni vidole vingapi. Baba akasema vitatu. Daktari hakuwa ameinua mkono bado. Anaona mwanga, anaona kivuli kinachopita. Kingine hakuna.

Oktoba 15
Leo nilivunja kiapo. Yaani nilikwenda kukivunja. Nilifika dukani kwa Kaka nimeshapanga maneno. Akanipokea vizuri, akafuta kiti kwa mkono, akaniagizia soda. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Unajua, nimeanza kuitamani hii safari. Nimenunua hadi darubini ya Baba. Nataka nimfurahishe mzee." Uso wake ulikuwa kama wa zamani, wa enzi zile akinibeba begani kwenda kisimani.

Anakuja kwa kupenda. Ndicho Baba alichokitaka. Nikimwambia sasa, atakuja kwa huruma, na Baba atakuwa amepoteza macho na hilo nalo. Nikanywa soda nikaondoka. Sijui kama nimefanya vema. Nadhani sijafanya vema.

Oktoba 22
Mawingu upande wa hifadhi. Ofisini kila mtu anachungulia dirishani.

Oktoba 26
Imenyesha huko usiku kucha. Lango la kusini limefungwa. Nimepanga upya yote asubuhi hii: tunazunguka hadi lango la kaskazini, tunaanza alfajiri, vibali vimebadilishwa, kambi imeambiwa. Nimefanya kwa haraka na sikusahau kitu.

Oktoba 30
Tumerudi jana. Ofisini nimeomba ruhusa. Niandike sasa kabla sijaanza kujisimulia vingine.

Tuliondoka sote kwenye gari moja. Baba alivaa shati la harusi ya Kitinda na miwani myeusi, akakaa kushoto, dirishani, kama nilivyompanga. Kaka alikaa nyuma yake. Saa za mwanzo alizungumza kuhusu mabati hadi Wifi akamfinya. Mahali fulani kabla ya lango Kaka akainama mbele.

"Baba, kuhusu siku ile ya Mama."

"Siku ipi?" Baba akasema. "Ulikuja. Nilikuona umekuja."

Basi. Miezi mitano ya mabati na mabwawa na wakwe, kumbe ilihitaji hayo tu. Kaka akajiegemeza kwenye kiti na kufuta uso kwa mkono mzima. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi.

Hifadhi ilikuwa tupu. Niliyaona kwa macho yangu yale ninayoyaandika kila mwaka kwenye maelezo ya wageni: mvua ikishuka, wanyama hutawanyika. Swala wawili watatu. Ndege. Watoto wa Kitinda wakalala. Taratibu aliendesha kufuata mto kwa kadiri tope lilivyoruhusu, na Baba muda wote uso wake dirishani, ameshika darubini ya Kaka mapajani.

Karibu na jioni Taratibu akazima gari. "Huyo hapo," akasema polepole.

Dume, peke yake, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Amesimama kwenye udongo mtupu, nyasi mpya bado hazijaota. Miguu yote minne nje. Nimeona inavyoshuka minene hadi chini, ngozi imekunjamana magotini kama suruali ya kuazima, na kucha pana zimepakwa tope. Nimeona mguu wa nyuma unavyokunjika. Kila kitu ambacho Baba alikuwa anakiulizia maisha yake yote kilikuwa pale, hatua chache kutoka kwetu, upande wa kulia.

Tulikuwa tumeingia kwa kaskazini. Mto ulikuwa kulia. Nilibadilisha lango, nikabadilisha vibali, nikabadilisha saa ya chai. Kiti cha Baba sikukibadilisha. Wala sikumwambia.

Wote walirukia madirisha ya kulia, simu juu. Baba alisikia makelele, na akafanya kama nilivyomfundisha kiangazi kizima. Akageukia kushoto. Akavua miwani. Akaelekeza uso wake kwenye kichaka cha miiba, hakuna hata ndege pale, akatabasamu.

"Umemwona, Baba?" Kaka akauliza bila kugeuka, anapiga picha.

"Nimemwona."

"Na miguu?"

"Yote. Mkubwa kweli, yule."

Wifi alikuwa amegeuka. Akamwona Baba, akaniona mimi. Akanyoosha mkono amshike bega, amzungushe taratibu. Nikamkamata kifundo cha mkono nikamzuia. Kaka alikuwa anacheka huku analia. Baba alikuwa na watoto wake wote kwenye gari moja. Nikawaza, ukimzungusha sasa utamwambia mbele ya wote kwamba alikuwa anatazama miiba. Ndivyo nilivyowaza. Labda pia niliogopa ajue ni nani aliyempanga upande ule. Kwenye kioo macho ya Taratibu yalikutana na yangu, akayaondoa.

Tembo akaondoka zake. Baba aliendelea kupungia kichaka.

Tulipokuwa tunarudi Kaka akaninong'oneza: "Ningejua ni rahisi hivi, tungekuja Julai."

Novemba 2
Mvua.

Novemba 5, Jumapili
Mvua imepumzika asubuhi. Baba akaniita getini. Alikuwa kaketi kwenye kigoda, makopo ya rangi miguuni, amenyoosha brashi kwa mtu aliyedhani yuko mbele yake.

"Chukua," akasema. "Weka nyasi."

"Baba."

"Nyasi, mama. Ndefu, hadi tumboni. Changanya njano na kahawia, ni nyasi za kiangazi."

Nikamwambia naweza kuchora miguu. Niliiona vizuri, nitachora, yeye aniongoze. Akatikisa kichwa.

"Wewe ulimwona. Tembo huyu ni wangu." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Alikuwa kulia, siyo? Nilisikia pumzi yake mgongoni mwangu."

Nikachovya brashi nikaanza kutoka kona ya chini.

Nilikuwa nimefika katikati Kaka alipoegesha gari, yuko na mkewe. Alishuka na picha kubwa ya tembo yule, ameitia fremu ya kioo, zawadi kwa Baba. Akatazama geti akaangua kicheko.

"Baba na nyasi zako! Umemwona kwa macho yako mawili, hatua chache tu, na bado unamficha miguu?"

"Mazoea yana taabu," Baba akasema, akacheka naye. Akapokea ile picha, akaipapasa kioo, akaiweka magotini imepinduka, tembo kichwa chini. "Nzuri sana."

Kaka aliitazama picha. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Akamtazama mkewe, naye akatazama chini. Akanigeukia mimi.

"Katibu?"

Nikaendelea kupaka. Baba akauliza kama nyasi zimefika tumboni. Nikamwambia bado kidogo.